Nani Aliilipia Avenue de Tervueren? Barabara ya Brussels na Hesabu za Kongo

Mashariki mwa Brussels, nyuma ya tao kubwa la mawe la bustani ya Cinquantenaire, inaanza barabara pana yenye mistari ya miti inayoitwa Avenue de Tervueren. Inateremka hadi bonde la mto Woluwe, inapanda tena, inapenya msitu wa Soignes, kisha inaishia mji mdogo wa Tervuren, karibu na Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Ni safari inayokaribia kilomita 10. Tramu namba 44 huifuata kuanzia mzunguko wa Montgomery, sehemu kubwa ya njia ikipita kwenye reli zake katikati ya miti, na mgeni asiyejua chochote huiona kuwa mojawapo ya safari tulivu kabisa za jiji hilo.

Wanaoijua historia ya Kongo husema barabara hii ilijengwa kwa mpira na kwa mikono iliyokatwa. Kauli hiyo imebeba ukweli mzito, ila imekunja miaka mingi ya mahesabu ndani ya sentensi moja, na anayetaka kuikanusha hupata mwanya papo hapo. Barabara ilifunguliwa mwaka 1897, na wakati huo Kongo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kumwingizia mfalme faida. Sasa fedha za Kongo ziliingiaje humo? Jibu lipo, na ni baya zaidi kuliko wanavyodhani wengi wa wanaouliza. Inabidi tu kwanza tutenganishe vitu ambavyo jicho huviona kwa pamoja: barabara yenyewe ya mwaka 1897, tao lililo mwanzoni mwake ambalo ni la mwaka 1905, na makumbusho yaliyo mwishoni ambayo yalifunguliwa mwaka 1910. Kila kimoja kilipata fedha kwa mlango wake.

Mfalme mmoja, hazina mbili

Leopold wa Pili alikuwa mfalme wa kikatiba. Nyumbani Ubelgiji hakuweza kutumia fedha za umma bila idhini ya bunge, na bunge lilimbania mara kwa mara, hasa kwa miradi yake ya majengo. Mwaka 1885 akatambuliwa na mataifa makubwa kuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Wabunge wa Ubelgiji walikubali kwa sharti kwamba hilo ni jambo lake binafsi. Ubelgiji yenyewe haikuwa na koloni. Aliyekuwa nalo ni mfalme wake. Kule Kongo hapakuwa na bunge wala katiba ya kumfunga mikono, na amri aliyoitia saini Brussels ilikuwa sheria hadi Boma, mji mkuu wa dola hiyo, na hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Askari, stima za mtoni na vituo vya serikali viligharimu kuliko pembe za ndovu zilizouzwa. Leopold alitumia mali yake, akakopa, akabisha hodi kila mlango. Mwaka 1890 serikali ya Ubelgiji ilimkopesha faranga milioni 25 bila riba, na mkataba wa mkopo huo ukaipa Ubelgiji haki ya kuichukua Kongo baada ya miaka kumi. Mwaka 1895 mambo yalikuwa magumu kiasi kwamba muswada wa kuichukua mapema ulifikishwa bungeni, kisha ukaondolewa na mfalme akapewa mkopo mwingine.

Kwa hiyo mtu aliyepanga maonyesho ya mwaka 1897 alikuwa mdaiwa. Alichohitaji kuliko kitu kingine ni Wabelgiji wa kawaida waanze kuiona Kongo kuwa kitu chao cha kujivunia, na matajiri wao waanze kuinunua kwa hisa na hatifungani. Avenue de Tervueren ilijengwa kwa ajili hiyo. Ilikuwa gharama ya kutangaza biashara kabla biashara haijalipa.

Barabara ya kwenda kuitazama Kongo

Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels yalifunguliwa Mei 1897 yakiwa na viwanja viwili. Mashine, sanaa na bidhaa za mataifa ziliwekwa Cinquantenaire. Sehemu ya Kongo ilipelekwa Tervuren, kwenye ardhi ya kifalme, mahali palipokuwa na kasri lililoungua mwaka 1879. Ilibidi watu wafikishwe huko, na wafikishwe kwa raha, ndipo ikachorwa barabara mpya kukatiza mashamba na mabonde ya Woluwe, pamoja na njia ya tramu ya umeme.

Katika ujenzi wenyewe fedha zilizohusika zilikuwa hasa za Ubelgiji na za biashara ya ardhi. Mkandarasi na mfanyabiashara wa viwanja Edmond Parmentier alikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Shamba la viazi likipitiwa na barabara ya kifalme linageuka kiwanja cha jumba la kifahari, na anayelimiliki kabla ya lami anatajirika baada yake. Leopold alikuwa bingwa wa kufunga mikataba ya namna hii, ambapo dola, mfalme na mwenye mtaji kila mmoja anaingiza kidogo na kila mmoja anatoka na chake. Hadi hapa mkanushaji ana haki: mawe ya barabara hayawezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa kilo za mpira.

Lakini angalia kilichokuwa kinamsubiri msafiri mwisho wa safari. Ndani ya Jumba la Makoloni kulikuwa na vyumba vilivyopambwa kwa mbao za Kongo na mafundi wa mtindo mpya wa wakati huo, akina Georges Hobé, Paul Hankar na Henry van de Velde. Wachongaji wa Ubelgiji walikuwa wamepewa pembe za ndovu, na sanamu walizochonga zikatandazwa chumba cha heshima. Kisha vikafuata kahawa, kakao, tumbaku, mpira. Kila kitu kilipangwa kumwambia mtembeleaji kwamba kule kuna mali, na mali hiyo inaweza kuwa yake.

Nje, kando ya mabwawa ya bustani, walikuwepo watu. Wakongo 267, wanaume kwa wanawake na watoto, walikuwa wamesafirishwa kwa meli hadi Antwerp, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ili watazamwe wakipika, wakipiga makasia, wakicheza ngoma. Zaidi ya watu milioni moja walipita kuwatazama. Watembeleaji walikuwa wakiwarushia vyakula hadi baadhi yao wakaugua tumbo, na waandaaji wakaweka tangazo la kuwaambia watu wasiwalishe, kwamba chakula wanapewa na kamati. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Leo makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, yamepangwa mstari mmoja, na ningemshauri yeyote anayekwenda makumbusho ashuke kwanza hadi hapo. Hizo ni dakika chache tu kwa miguu.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu huwa yanasimuliwa kama kisa cha aibu kilichosimama peke yake. Hakikusimama peke yake. Vijiji vile vilikuwa sehemu ya duka, na barabara ilikuwa njia ya kwenda dukani.

Kisha mpira ukalipa

Matairi ya kujazwa upepo, ambayo Dunlop aliyasajili mwaka 1888, yalikuwa yamefungua soko ambalo halikutosheka. Misitu ya Kongo ilijaa mitambazi ya mpira wa mwituni. Tayari mwaka 1891 na 1892 Leopold alikuwa ametoa amri zilizofanya mazao ya ardhi zote zilizoitwa tupu, yaani mpira na pembe, kuwa mali ya dola. Mwanakijiji aliyegema mpira katika msitu wa babu zake hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine. Alitakiwa kuuleta kama kodi. Vijiji vilivyopungukiwa viliwekewa mateka, mara nyingi wanawake, hadi kipimo kitimie. Askari wa Force Publique, jeshi la Dola Huru, walitakiwa kuthibitisha kwamba kila risasi waliyopewa ilimuua mtu, na ushahidi ukawa mkono wa kulia uliokatwa. Ndiyo asili ya mikono inayotajwa hadi leo.

Kwa suala letu la nani alilipa, amri iliyo muhimu zaidi ni ya mwaka 1896. Kwa siri, Leopold alijitengea eneo kubwa kuliko Ubelgiji mara kadhaa, kuzunguka ziwa linaloitwa leo Mai-Ndombe, likawa Milki ya Taji. Mapato yake hayakuingia hata katika bajeti ya Dola Huru ya Kongo. Yalikwenda kwenye mfuko ambao baadaye ulijulikana kama Wakfu wa Taji, na kazi kubwa ya mfuko huo ilikuwa kununua ardhi na kujenga nchini Ubelgiji. Kuanzia hapo mfalme alikuwa na hazina ambayo bunge lililombania halikuwa na ufunguo wake.

Tao la Cinquantenaire linaonyesha jinsi hazina hiyo ilivyofanya kazi. Lilitakiwa liwe tayari mwaka 1880, Ubelgiji ilipotimiza miaka 50, lakini siku ya sherehe ni misingi ya nguzo tu iliyokuwa imejengwa, na sehemu iliyobaki ya tao ilikuwa mbao za muda. Kwa robo karne likabaki hivyo, bunge likikataa kutoa fedha. Kisha ghafla wakajitokeza wafadhili binafsi waungwana, kazi ikaenda usiku na mchana kwa mchoro mpya wa Mfaransa Charles Girault, na Septemba 1905 tao likazinduliwa kwa jubilei ya miaka 75. Wafadhili wale walikuwa majina ya kufunikia. Fedha zilikuwa za mfalme, na za mfalme zilikuwa za Kongo. Emile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti bungeni, aliliita tao la mikono iliyokatwa, na alikuwa na sababu. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, kuhusu ukatili wa mpira ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla.

Makumbusho ya Tervuren yalifuata mkondo ule ule, tena bila kujificha sana. Maonyesho ya 1897 yalifanikiwa kiasi kwamba mfalme akataka nyumba ya kudumu. Alikuwa amevutiwa na Petit Palais, jumba la maonyesho ya sanaa aliloliona Paris mwaka 1900, akamwita yule yule Girault aliyelijenga, na kazi ikaanza mwaka 1904 kwa mapato ya Kongo. Leopold alifariki Desemba 1909, na mpwa wake Albert wa Kwanza ndiye aliyefungua jengo mwaka 1910. Ukutani bado kuna herufi L mbili zilizopeana mgongo, mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia kwenye nyumba ya elimu.

Sasa mambo yanaungana. Barabara ilijengwa ili Kongo ipate wanunuzi, wanunuzi walipopatikana na mpira ukapanda bei, Kongo ikajenga vilivyo kwenye ncha zote mbili za barabara.

Hesabu ya mwaka 1908

Kuna ukurasa mmoja zaidi, na kwangu ndio wenye kuumiza kuliko yote kwa sababu uliandikwa kwa utaratibu, na wanasheria, mchana kweupe. Kelele za dunia zilipozidi, Ubelgiji iliamua kuichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake, na mwezi Novemba 1908 ikawa Kongo ya Ubelgiji. Mtu angedhani mfalme ndiye angedaiwa. Kinyume chake, Ubelgiji ilikubali kubeba madeni ya Dola Huru ya takriban faranga milioni 110. Ikatenga faranga milioni 45.5 kukamilisha majengo ambayo mfalme alikuwa ameyaanza, karibu theluthi yake ikiwa ya kasri la Laeken. Juu ya hayo yakawekwa faranga milioni 50 za kumshukuru kwa yale yaliyoitwa kujitolea kwake kwa ajili ya Kongo, na hizo zikaandikwa kuwa mzigo wa koloni lenyewe. Yaani watu waliokuwa wamegema mpira ndio waliotakiwa kumlipa shukrani aliyewagemesha.

Mwanahistoria wa Ubelgiji Jules Marchal, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kisha akatumia maisha yake kufukua nyaraka, alikadiria kuwa faida ya Leopold kutoka Kongo haikupungua faranga milioni 220 za wakati huo. Kukadiria ndiyo njia pekee. Agosti 1908, kabla ya makabidhiano, majiko ya ofisi za Dola Huru mjini Brussels yalichoma kumbukumbu zake kwa siku nane. Ndiyo maana yeyote anayedai kuwa na risiti ya kila jiwe anatia chumvi, na yeyote anayesema hakuna risiti basi hakuna deni anajinufaisha kwa moto ule.

Haina maana kwamba kila nyumba iliyopo kwenye barabara hii ni nyumba ya mpira. Jumba la Stoclet, lililojengwa na Josef Hoffmann wa Vienna kati ya 1905 na 1911, lenye mapambo ya Gustav Klimt chumba cha kulia na lililoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2009, lilikuwa la mtu wa familia ya benki, na utajiri wa benki za Brussels ulitoka pande nyingi. Majengo ya balozi na ofisi yaliyofuata yana historia zake.

Pembe zilizogeuzwa njia

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi yake katika simulizi hili, na si nafasi ya mtazamaji. Kabla ya miaka ya 1890 pembe nyingi za mashariki mwa Kongo zilielekea jua linakochomoza: Nyangwe na Kasongo, kisha Ujiji, Tabora, Bagamoyo, na mwishowe Unguja. Wakuu wa njia hiyo walikuwa wafanyabiashara wa pwani na washirika wao Wamanyema, na mashuhuri wao ni Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye Leopold mwenyewe alimteua mwaka 1887 kuwa liwali wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye Dola Huru ilianzisha vita dhidi ya wafanyabiashara hao, na kufikia 1894 Nyangwe na Kasongo zilikuwa zimeanguka. Vita ilitangazwa kuwa ya kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilikuwapo kweli, ya kikatili kweli, haifai kuifunika. Matokeo yake ya kibiashara nayo yasifunikwe. Pembe zikageuzwa kuelekea magharibi, zikashuka mto hadi Matadi na kupakiwa kwenda Antwerp. Miongoni mwa pembe zilizochongwa sanamu za chumba cha heshima mwaka 1897, si ajabu zikawemo ambazo miaka michache nyuma zingeuzwa Unguja.

Katika bustani ya Cinquantenaire, hatua chache kutoka barabarani, kuna mnara wa Thomas Vinçotte wa mwaka 1921 unaowasifu Wabelgiji waliotangulia Kongo. Upande mmoja unaonyesha askari wa Kibelgiji akimwangamiza mfanyabiashara wa watumwa, na maandishi yake yanamtaja kuwa Mwarabu. Neno hilo limekwaruzwa na kugombewa kwa miongo kadhaa. Wapiganaji wengi wa upande ule walikuwa Waafrika waliozungumza Kiswahili, lugha ambayo haikuondoka na mabwana wa misafara. Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, unaizungumza hadi leo.

Upo uzi mwingine unaopita Ziwa Tanganyika. Wakala wa Leopold, Émile Storms, alifanya kazi Karema, ambayo leo ni Tanzania, na Mpala ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1884 watu wake walimuua Lusinga, mkuu wa Watabwa. Kichwa chake kilipelekwa Ubelgiji, na pamoja nacho sanamu ya mbao iliyochongwa kuuheshimu ukoo wake. Sanamu hiyo iko Tervuren.

Kinachojadiliwa sasa

Makumbusho yalifungwa mwishoni mwa 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018, yakisema wazi kwamba yanaachana na mtazamo wa kikoloni. Ipo kazi moja ndani yake ninayoiona ina uzito kuliko maelezo yote ya ukutani. Kwenye ukumbi wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo, msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wakiwemo wale saba wa mwaka 1897. Jua likipita, vivuli vya majina yao vinaangukia majina ya Wabelgiji.

Mwaka 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwezi Julai sheria ya kuruhusu kurejesha vilivyopatikana isivyo halali ikapitishwa. Sheria hiyo haihusu mabaki ya miili ya watu wala nyaraka. Mwaka huo huo kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza ukoloni tangu 2020 ilivunjika Desemba bila mapendekezo yaliyokubaliwa, kwa sababu vyama havikuelewana kuhusu kuomba radhi. Mfalme Philippe alikuwa ameeleza masikitiko yake makubwa, lakini radhi ni kitu kingine, na baadhi ya wabunge walihofia kwamba ikishatamkwa itafungua mlango wa madai ya fidia.

Hofu hiyo inaonyesha kuwa wanaelewa vizuri suala liko wapi. Faranga milioni 50 za mwaka 1908 zina mkataba, zina tarehe, na zina jina la aliyeandikiwa kuzilipa. Sheria ya 2022 inagusa vinyago na ngoma. Hesabu ile bado haijaguswa.